Bei Tuliyoogopa Kuiuliza

Friji ile iliingia nyumbani kwetu, mtaa wa Kamalondo, juu ya mkokoteni, imefunikwa blanketi, saa kumi alasiri, mtaa mzima ukiangalia. Mume wangu alidhani blanketi lingeificha. Sijui alidhani majirani zetu walizaliwa jana. Kitu chenye pembe nne, kinachonifikia kiunoni, chenye mpini kama wa mlango wa gari unaochungulia chini ya blanketi, kingekuwa nini? Watu wakapiga vigelegele kana kwamba tunaleta bibi harusi. Mimi nilikuwa nimesimama kizingitini, na badala ya kufurahi nikainua macho kwenye waya wa umeme.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja wakati huo, katika miaka ile ya hamsini, na ndoa yangu ilikuwa na miaka mitatu. Wazazi wetu sote wawili walitoka Kasai kuja kutafuta kazi Katanga. Mimi nilisoma kwa masista mpaka darasa la tano. Yeye alisoma zaidi, na alikuwa karani katika nyumba moja ya biashara mjini, upande wa wazungu. Mkubwa wake alikuwa anarudi Ubelgiji, akauza vyombo vyake vyote, na friji ndogo akamwachia mume wangu kwa bei ya chini. Mume wangu akakubali kabla hajaniuliza. Wanaume wakipenda kitu huwa hawaulizi, wanaarifu.

Shida haikuwa friji. Shida ilikuwa umeme, au kuran, kama tulivyouita.

Nyumba yetu haikuwa na mita. Nyumba nyingi za mtaa wetu hazikuwa nayo. Tulilipa bei moja kila mwezi kwa ajili ya taa tatu, na juu ya mlango wa mbele, kwenye baraza, palifungwa kisanduku cheusi chenye muhuri wa madini ya risasi. Ukiwasha zaidi ya taa zako tatu, kisanduku kinaanza kugonga, ta-ta-ta-ta, na taa zote zinakonyeza mpaka utoe ulichozidisha. Watu walikiita kapita, kama yule msimamizi wa kazi anayekaa nyuma ya mgongo wako akihesabu. Na karatasi tuliyotia sahihi ilisema wazi kwa Kifaransa: taa, na taa tu. Nilikuwa nimeisoma mwenyewe.

Siku hiyohiyo mume wangu akachomeka waya wa friji kwenye kichwa cha taa ya sebuleni, mahali pa balbu. Mashine ikakohoa, ikaanza kunguruma, na pale juu ya mlango kapita akagonga kama mwenye wazimu. Nikaruka kwenda kuchomoa.

"Baba, utatuua!" nikamwambia. "Ile karatasi inasema taa tu. Huu njo wizi."

"Mama, tulia. Mwizi iko anaiba kintu ya bantu. Kuran iko ya nani?"

"Iko ya benye kutufunga."

Alikaa akaiangalia friji yake, nami nikamwangalia yeye.

Kilichonitia hofu kuliko yote ni kwamba wakati huo alikuwa ameomba karata. Wasomaji wa leo hawaijui, kwa hiyo nitaieleza kwa kifupi. Ilikuwa kadi ya serikali kwa Mwafrika aliyeonekana ameendelea. Mwenye nayo alipita mjini usiku bila kusumbuliwa na polisi, hakuchapwa fimbo, na wazungu kazini walianza kumwita bwana badala ya boi. Mume wangu aliitaka karata ile kama mgonjwa anavyotaka maji. Lakini kabla ya kuipata, jopo la wazungu huja kukagua nyumba yako: jinsi unavyokula, unavyolala, mkeo anavyokaa. Na mwizi hapewi karata. Mume wangu angekamatwa akiiba umeme, angepoteza kwanza karata, kisha kazi, kisha nyumba, na baada ya hapo tungerudishwa kwa wazazi na vyungu vyetu kichwani.

"Banakuya kuona kama siye tuko bantu ya maendeleo," alisema. "Bakikuta frigo, bamemaliza. Haitabakia na neno."

"Na bakikuta namna frigo inakula kuran?"

Hapo akachukua kitambaa akaanza kufuta mpini wa friji. Mume wangu alikuwa mtu wa kunyamaza mahali pabaya.

Basi tukaishi na friji. Alibuni mpango wake: mchana friji, jioni taa. Saa kumi na mbili jioni nachomoa friji, nawasha taa, mtu akipita aone nyumba yenye mwanga kama nyingine. Tukienda kulala nazima taa, narudisha friji. Asubuhi yeye anakwenda kazini kwa baiskeli, mimi nabaki na mashine. Kila ilipoanza kunguruma, kapita naye aligonga mara tano, sita, kabla ya kutulia.

Kapita alikuwa nje, kwenye baraza. Barabara yetu ilikuwa nyembamba na watu walipita karibu kabisa na ukuta, wengine wakiuza maandazi, wengine wakienda kwa fundi wa nguo aliyekuwa upande wa pili. Kila mtu angeweza kusikia. Kwa hiyo nikatoa kinu changu kutoka jikoni nyuma, nikakiweka mbele ya mlango. Friji ikianza, nami naanza kutwanga. Siku za kwanza nilitwanga sombe kweli, yale majani ya muhogo. Tukala sombe mpaka mume wangu akasema meno yake yanageuka kijani. Baadaye nikawa natwanga kinu kitupu. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa: mwanamke aliyesoma kwa masista, ametoka jasho, anatwanga hewa.

"Mama, kwako munakulaka sombe ya ngapi?" mke wa fundi aliniuliza siku moja, akicheka.

"Bwana yangu njo anapenda," nikajibu. Moyo ulikuwa unapiga kuliko mchi.

Halafu kulikuwa na kontroleri. Alikuwa mwenzetu, mweusi, mwenye kofia ya kaki na baiskeli, na kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kutazama kama mihuri ya visanduku haijavunjwa. Hakuwa mtu mbaya. Alinisalimia kwa heshima kila mara. Lakini nilipoisikia kengele ya baiskeli yake kwenye kona, niliacha mchi palepale. Nilikimbia ndani, nachomoa, natoka nje tena na uso wa mtu aliyekuwa anafagia. Yeye anatazama muhuri, anaandika kwenye daftari, anakunywa maji niliyompa, anaondoka. Yale maji yalikuwa ya mtungi. Yale ya baridi sikuthubutu kumpa mtu.

Za mwizi ni arobaini, nilijiambia, na nikawa nahesabu. Siku ya arobaini ilipopita bila kukamatwa, hofu haikupungua. Niliona tu kwamba nimekosea kuhesabu.

Na hakuna aliyejua friji ile inakula umeme kiasi gani. Hilo ndilo lililotuumiza. Mtaani walisema friji moja inakula kama taa arobaini. Walisema kuna mtu kule mtaa wa Katuba aliyeweka friji, na watu wa umeme walipomletea bei yake wakachukua baiskeli, cherehani na kitanda. Nikamtafuta mtu huyo kwa maswali mengi. Kila mtu alimjua mtu anayemjua. Wahenga wanasema kuuliza si ujinga, nami nakubali, lakini katika mji ule kuuliza kulikuwa kukiri. Ungeingiaje ofisini ukauliza "friji ndogo ni bei gani kwa mwezi" bila karani wa pale kuandika nyumba yako? Kwa hiyo hatukuuliza. Tukawa tunadaiwa kichwani mwetu deni lisilo na mwisho.

Mchana mmoja mke wa fundi akaja mbio, bila kucheka safari hii. Mtoto wake alikuwa na homa kali, mwili unawaka. Alisimama mbele ya kinu changu.

"Mama, nakuomba. Nipe glasi kidogo, nimuweke ku kichwa."

Hiyo glasi, yaani barafu, ilikuwepo. Nilikuwa nimeigusa asubuhi. Nikamtazama usoni nikamwambia, "Ile mashini ilikufa, mama. Haina kintu ndani."

Aliniangalia kidogo, akarudi kwake. Mtoto alipona, Mungu anisamehe, kwa vitambaa vya maji ya kawaida. Lakini tangu siku hiyo nilijichukia, na nikaichukia friji, na nikamchukia mume wangu kidogo pia, kwa saa kama mbili hivi kila siku.

Barua ikaja: jopo litafika Jumamosi saa tisa alasiri.

Juma lile lote mume wangu alinifundisha. Uma mkono wa kushoto. Usijibu kabla mzungu hajakuuliza. Kaa mezani nami, usikae jikoni. Akapiga rangi choo. Akanunua ndimu na sukari, akatengeneza maji ya ndimu kwenye chupa nne, akazipanga ndani ya friji pamoja na siagi na kipande cha nyama, kwa namna wazungu wanavyopanga. "Utabapatia limonadi ya baridi," akasema, "na batakunywa, na itakuwa imeisha."

Jumamosi asubuhi sikuweza kula. Nilikaa nikimsikiliza kapita. Siku ile friji ilikuwa na kazi nyingi kwa sababu ya joto na zile chupa, ikawa inaanza kila baada ya muda mfupi. Ta-ta-ta-ta. Nikawaza: wazungu watakuwa wamesimama mlangoni hapohapo, chini yake. Watanyanyua macho. Na siwezi kutwanga kinu mbele ya jopo.

Saa tano mume wangu akaenda kunyoa nywele. Alipopotea kwenye kona, nikaingia ndani nikachomoa waya. Nilijiambia ni kwa muda mfupi, nitaurudisha saa nane, baridi itabaki. Saa nane ilipofika mkono wangu ulikataa. Naukumbuka mkono ule, umeshika waya, haufiki kwenye kichwa cha taa. Nikauacha waya nyuma ya friji, na sikumwambia mume wangu neno.

Walikuja watatu, wanaume wawili na bibi mmoja mwenye kofia. Walitazama choo. Walitazama jikoni. Bibi yule alifunua mashuka yetu ya kitandani, akayapapasa, akatikisa kichwa kwa kukubali kana kwamba ananunua kitambaa. Nilisimama pembeni na hasira, lakini nilichofanya ni kuvuta kitenge changu vizuri. Mume wangu alikuwa anajibu Kifaransa kizuri, kizuri kuliko cha yule mzungu mnene. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Ningeweza kuomba yaishie hapo.

"Na sasa," akasema mume wangu kwa Kifaransa, uso unang'aa, "mke wangu atawapa kinywaji cha baridi. Tuna friji."

Bibi mwenye kofia alikuwa karibu nayo kuliko mimi. Akavuta mpini.

Harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Joto la siku ile lilikuwa limefanya kazi yake tangu saa tano. Siagi ilikuwa imeyeyuka ikatiririka mpaka chini, nyama imebadilika rangi, na barafu yote imegeuka dimbwi lililomwagikia viatu vya bibi yule. Mume wangu alinitazama. Sijawahi kumwona na uso ule kabla wala baada yake.

Bibi hakukasirika. Akaniambia taratibu, kwa Kiswahili chao cha kuwasemesha watumishi, "Mama, frigo hapana tumika?"

Kabla sijajibu, yule mwanamume wa pili, mwembamba, aliyekuwa hajasema kitu, akainama. Akauona waya chini. Akaitazama ncha yake iliyochomolewa, akanyanyua macho mpaka kwenye kichwa cha taa, na kutoka hapo akageuza shingo polepole kuelekea mlangoni, kule juu, kwa kapita. Akamuuliza mume wangu kwa Kifaransa, "Ninyi hapa mna mita, au mnalipa kwa taa?"

Nilielewa kila neno. Nilimwona mume wangu akigeuka naye kuutazama mlango. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni. Nikaona gereza, nikaona baba yangu akinipokea na vyungu vyangu, nikaona baiskeli ya mume wangu inapakiwa kwenye gari la polisi. Yote hayo yalipita kwa muda wa kupepesa jicho.

Nikapiga kelele.

"Miye njo nilitoa ile kamba! Miye! Ile kintu iko na muzimu ndani!" Nikarudi nyuma nikijifunika uso kwa kitenge. "Inapumuaka! Bwana akitoka ku kazi, inaanza kulia, huuu, huuu. Miye naogopa. Bwana ananifundisha kila siku, sisikie. Iko na muzimu!"

Wazungu wakatazamana. Halafu mzungu mnene akaangua kicheko, kicheko cha tumbo zima, mpaka akashika meza. Bibi mwenye kofia akacheka huku akinipigapiga begani, akisema "masikini, masikini." Na yule mwembamba naye akatabasamu, akaacha kuutazama mlango, akasahau alichouliza. Wakaanza kusimuliana kuhusu watumishi wao na vitu wanavyoviogopa, pasi ya umeme, simu, redio. Waliongea kwa Kifaransa, wakidhani sisikii. Mnene akaandika kitu kwenye karatasi zake.

Nikamtazama mume wangu kupitia kitenge. Alikuwa anacheka. Alicheka pamoja nao, kichwa nyuma, meno nje, kama mwanamume anayecheka ujinga wa mke wa mtu mwingine.

Walipoondoka nilitafuta ndoo na kitambaa. Nilisafisha friji. Yeye alikaa barazani mpaka taa zikawashwa.

Baada ya miezi miwili jibu lilikuja. Alinisomea akiwa amesimama kando ya meza, akitafsiri: wanamshukuru, tabia yake ni njema, kazi yake ni njema, lakini kwa sasa haiwezekani, ajaribu tena baadaye. Akaikunja barua akaiweka kabatini chini ya mashati. Alisahau, au alitaka kusahau, kwamba mke wake anajua kusoma. Siku iliyofuata, alipokuwa kazini, niliitoa. Kulikuwa na mstari mmoja aliouruka. Ulisema mwombaji anastahili, ila mke wake amebaki katika imani za porini, na nyumba haiwezi kupanda zaidi ya mwanamke wake.

Niliusoma mara tatu. Friji ikaanza kunguruma na kapita akagonga, na mimi, kwa mazoea, nikachukua mchi.

Ikapita nusu mwaka tena ya kutwanga. Kisha asubuhi moja fundi wa umeme akabisha hodi, mwenzetu, mtu mzima mwenye ovaroli na kamba begani. Sikuwa nimesikia baiskeli. Friji ilikuwa inaunguruma waziwazi nyuma yangu. Nikasimama katikati ya mlango ili asione ndani.

"Jambo mama. Banatoa bile bisanduku mu balabala yenu yote. Banaweka konteri ya kuhesabu kuran."

Akapanda ngazi, akamfungua kapita. Aliposhuka akachungulia ndani, akaiona friji, na mimi nikasema kwa haraka, kabla hajasema, maneno niliyokuwa nimeyabeba miezi yote ile: "Tutalipa, baba. Yote yenye ilikula. Tuambie tu ni beyi gani."

Akanitazama bila kuelewa. "Ile katoto? Mama, ile inavuta nguvu wakati inaanza tu, kisha inakula kama taa moja yenye kuwaka muchana na usiku. Mungesema tu ku ofisi, bangewaongezea beyi ya taa moja ku mwezi. Kuko bengi benye beko nayo."

"Bengi?"

"Mu hii balabala yenu, ya ngapi sijui. Tatu ao ine. Hata huyu tailleur iko nayo, kadogo."

Aliendelea na kazi yake akipiga mluzi. Nilikaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Kwa hiyo mke wa fundi wa nguo naye alikuwa na friji ndogo mahali fulani nyuma ya vitambaa, labda alianza baadaye, labda na yeye alikuwa na jinsi yake ya kuificha. Sikuwahi kumuuliza. Niliona tu watu wazima wa barabara nzima, kila mmoja ndani mwake, amezuia pumzi kwa ajili ya taa moja.

Mume wangu aliporudi kula mchana nikamwambia. Sikuipamba habari. Nikamwambia bei, kama alivyoisema yule fundi wa umeme, taa moja kwa mwezi. Aliweka kijiko chini. Alikaa muda mrefu akitazama mita mpya ukutani, kile kisahani chake kinazunguka polepole.

Kisha akainuka, akaenda kabatini, akainua mashati. Akarudi na barua. Akasimama mbele yangu, si kando ya meza kama ile siku ya kwanza, akanisomea ule mstari. Alianza Kifaransa, akasita, akaurudia kwa Kiswahili, neno kwa neno, imani za porini, mpaka mwisho. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma hukumu yake.

"Niliisoma zamani," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Niliikuta imekunjwa namna ingine." Akaketi. Akaiweka barua mezani kati yetu. "Bangejua, bangenifunga. Uliniokoa, na mi nilicheka. Nilicheka nabo, mama."

Nilikuwa nimengoja maneno hayo kwa miezi minane, na nilikuwa nimetayarisha majibu mengi, mengine makali. Nikamwambia ale, chakula kinapoa, na atachelewa kazini.